Bamvua Moja Iliyozidi

Wanangu manesi, na nyinyi mnaosomea unesi, na nyinyi ambao hamsomei chochote ila mna simu na maoni, asalaam aleikum.

Siku ile mliponialika Kibiti kwenye mdahalo wenu, mkanikalisha mbele na maji ya chupa, mshereheshaji alisema: "Sasa tumsikie bibi yetu, mkunga mstaafu, atuambie sayansi inasemaje kuhusu kutoa mimba." Nikasimama, nikasema koo limenikauka, nikaketi. Mkacheka, mkanipigia makofi ya huruma. Koo halikuwa limekauka. Nilikuwa na hasira, na mtu mzima mwenye hasira ni bora asipewe kipaza sauti.

Kijana mwenye tai alionyesha ukutani picha ya kijusi, akasema sayansi imeshasema, huyu ni mtu, mjadala umefungwa. Akasimama binti wa upande wa pili, akairudisha picha ile ile, akasema sayansi imeshasema, hizo ni chembechembe tu, mjadala umefungwa. Mkashangilia kwa zamu. Kila mmoja alikuwa ameishika sayansi kama mwiko wa kumpigia mwenzake. Mimi pale kwenye kiti nikajiona mwenyewe nilivyokuwa zamani, na ndiyo maana nilikasirika. Mtu hukasirishwa sana na kosa analolijua.

Nianze na msimamo wangu, msije mkahangaika kuutafuta. Mimi ni Muislamu, na katika miaka yangu yote ya kazi sikumtoa mtu mimba. Sheria ya nchi nayo mnaijua, inakataza, labda maisha ya mama yawe hatarini. Lakini vilevile sikumfukuza mwanamke aliyeletwa anavuja damu, awe ameteleza mtoni au amejitoa mwenyewe. Nilimlaza, nikamtundikia dripu, maswali yakaja baadaye. Hayo ni ya imani na sheria na ubinadamu, na kila mmoja wenu atayapima na Mola wake. Ya sayansi ni mengine, na hayo ndiyo niliyoyaharibu kwa mikono yangu hii.

Nilipangiwa zahanati ya kisiwa kimoja cha delta nikiwa bado nanukia chuo. Kufika huko ni kwa boti, na boti lenyewe lisubiri maji yajae, kwa sababu yakikupwa vile vijito vya katikati ya mikoko hubaki tope tupu. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na popo wengi darini. Niliambiwa katika barua ya kazi nimfundishe mkunga wa jadi wa pale, Bi Sikudhani. Nikamfundisha kunawa mikono kwa sabuni. Yeye akanifundisha mengine yote.

Alinionyesha namna ya kupima tumbo kwa vidole: kizazi kikichungulia juu ya mfupa wa kinena ni miezi mitatu, kikifika kitovuni ni mitano, na katikati hapo unahesabu vidole na kutumia akili. Siku moja niliweka fetoskopu, kile kijipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto, nikasikia mapigo mazuri kabisa, nikatangaza kwa sauti kwamba mtoto ni mzima wa afya. Bi Sikudhani akasema, "Hebu mshike mama mkono." Nikamshika. Mapigo ya mkononi na ya tumboni yalikuwa yale yale. Kumbe nilikuwa nasikiliza mishipa ya mama, mtoto mwenyewe yuko upande mwingine kalala zake. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akaomba msaada wa kuinuliwa. Tangu hapo sikusikiliza moyo wa mtoto bila kushika mkono wa mama, na nyinyi fanyeni hivyo hata kama mna mashine ya kuwaka taa.

Swali gumu kuliko yote kliniki ni lile jepesi: siku zako za mwisho zilianza lini? Kisiwani hakuna aliyenitajia tarehe. "Nesi, siku ile kiboko alipolivunja dungu la Mzee Ngwele." Dungu ni kibanda cha juu cha kulindia mpunga, na kiboko yule alilivunja na Mzee Ngwele akiwa ndani. Mwingine atakwambia siku ya arobaini ya marehemu fulani, mwingine siku ile alipogombana na wifi yake. Mwanzoni niliwakaripia. Halafu nikapata akili, nikafungua daftari. Kila kitu cha kijijini nikakiandika na tarehe yake: viboko, misiba, harusi, maulidi, boti lililopasuka, hata ugomvi wa mawifi. Mwanamke akitaja kiboko, nafungua daftari, napata tarehe. Mwenye kutaka kufanya kazi vijijini na aanze na daftari hilo kabla ya kulilia vifaa.

Tarehe nikishaipata naipeleka kwenye kiduara. Leo mnavyo kwenye simu, sisi tulikuwa na karatasi ngumu mbili za duara zilizobanwa katikati. Unazungusha mshale mpaka kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na lile duara la chini linakuonyesha mimba ina wiki ngapi na mtoto atazaliwa lini. Nilikipenda kiduara kile kupita kiasi. Nilikitoboa nikakivaa shingoni kwa kamba, natembea nacho mpaka dukani, watu wajue mwenye elimu anapita.

Sasa niwaambie habari ya Mwanaidi na Athumani. Majina nimeyabadili, lakini watu ni wa kweli.

Athumani alikuwa mvuvi wa kamba, tena mmoja wa wale wa kwenda dago, yaani kambi za mbali ambako wavuvi hukaa miezi ndipo warudi kwao. Yeye na Mwanaidi walikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Miaka sita kisiwani ni mingi. Shangazi wa mume walikwisha kuanza kutaja majina ya wanawali wengine, wanayataja kwa sauti mbele ya Mwanaidi akiwa anawapakulia wali. Athumani hakuwasikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kumpenda mkewe bila kuficha, jambo ambalo vijana wenzake walimtania nalo.

Basi safari moja karudi toka dago baada ya miezi mitatu, na haukupita muda Mwanaidi akakosa siku zake. Wanawake wengi wa kule huja kliniki tumbo likishaonekana. Hawa wawili walikuja mapema, wote wawili, Athumani kavaa kanzu kama anakwenda Idi. Nilifurahi sana, kwa sababu tulikuwa tumehubiri wee kwamba wanaume waje na wake zao, na mwanamume wa kwanza kuja kwa hiari yake ndiye huyu.

Mwanaidi alinitajia siku zake za mwisho. Zilianza siku ya harusi ya jirani yake, alishindwa kwenda kucheza ngoma kwa maumivu ya tumbo. Nikafungua daftari, nikapata harusi, nikazungusha kiduara.

"Wiki kumi," nikasema. "Hongereni sana."

Mwanaidi akajifunika uso kwa kanga kwa haya. Athumani akaniuliza, "Kumi, nesi?"

"Kumi kamili."

"Si nane?"

Nilimwona anahesabu kwa vidole juu ya goti. Nikaona ni mvuvi anayenifundisha kazi. Nikamwambia maneno ambayo ningetoa mshahara wangu wa mwaka kuyarudisha mdomoni. Nilimwambia, "Shemeji, hili si bao la ramli. Hii ni sayansi, haikosei. Nimesema kumi."

"Haya," akasema. "Ahsante." Akainuka akatoka nje, na mimi nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko wangu mzuri, wiki kumi.

Siku nane au tisa baadaye Mwanaidi alikuja peke yake asubuhi. Alikaa mwisho wa benchi akawapisha wenzake wote, hata waliomkuta. Alipobaki peke yake aliingia, akafunga mlango, akasema, "Nesi, nataka uniondoshee hii mimba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Hapo nikalipuka. Nikamwuliza kama ana wazimu, mtu aliyelia miaka sita. Nikamwambia habari ya sheria, na jela, yake na yangu. Nikamwambia habari ya Mwenyezi Mungu.

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Maalim alitufundisha darasani, roho hupuliziwa siku ya mia na ishirini. Mie siku hizo sijafika."

Kumbe kajiandaa! Hilo ndilo lililonipita kichwani, kwamba kajiandaa kwa mabishano, na mimi mabishano nayapenda. Nikachukua kitabu changu cha ukunga kabatini, nikafungua kwenye picha. Nikamwambia, hayo ya roho ni ya Maalim, mimi nakupa ya sayansi: tumboni mwako mna moyo, unapiga hivi sasa unavyozungumza. Tazama mikono, tazama vidole.

Aliitazama picha ile muda mrefu. Akagusa kwa ncha ya kidole. Akaniuliza, "Vidole vyake ni vya mtu?"

"Vya mtu, vya nani tena?"

"Vyote huwa hivi? Hakuna kinachokuwa vingine?"

Nikamwambia vyote. Akafunga kitabu mwenyewe, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Wanangu, nilijiona nimeshinda. Niliweka maji ya chai nikajisifu moyoni kwamba leo nimeokoa roho kwa elimu.

Hazikupita siku nne, Athumani alikuja mbio na nguo za kazi zimelowa. Mwanaidi alikuwa amelala sakafuni kwao, damu inatoka, mwili wa moto. Alikuwa amekwenda kwa mtu kisiwa cha pili akapewa mizizi ya kunywa. Sitaandika mizizi gani, na atakayeniuliza nitamtimua. Nilifanya niliyoweza, dripu, sindano za kuzuia sumu isisambae kwenye damu, lakini kazi ile haikuwa ya vyumba vitatu na popo. Tukampakia kwenye boti la injini kumpeleka bara, kwenye hospitali kubwa.

Maji yalikuwa mafu siku zile, yale yasiyojaa sana wala kukupwa sana, na nusu ya njia yakatuacha. Boti likakaa juu ya tope kwenye mlango wa kijito. Athumani na mwenye boti wakaruka, tope kiunoni, wakasukuma mpaka wakakosa pumzi. Halikusogea. Ilibidi tusubiri maji. Nilikuwa namfuta Mwanaidi jasho, naye hajui kama tupo. Mwenye boti alikwenda mbele kutazama kina. Athumani akabaki amesimama kwenye tope, kaushika ubavu wa boti, uso wake na wa mkewe karibu karibu.

Akasema, "Nesi, mie ndo n'lomuua huyu."

"Hajafa. Acha maneno hayo."

"Sikumwambia aitoe. Wallahi sikumwambia. N'limwambia arudi kwao, basi. Mtoto wa mtu mwingine sitamlea."

Nikamwuliza mtoto wa mtu gani, anasema nini huyu. Akanitazama kama anayenihurumia kwa kumfichia mkewe siri.

"Si weye mwenyewe uliyesema? Mie n'lirudi toka dago na bamvua ya kwanza baada ya maulidi. Toka hiyo mpaka siku uliyotupa kadi, bamvua nne. Bamvua nne ni wiki nane. N'kakuuliza si nane? Ukasema kumi, sayansi haikosei. Kumi ni bamvua tano. Hiyo moja iliyozidi mie n'likuwa dago. Ni ya nani?"

Wavuvi wa kule hawana haja ya kalenda. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huja mara mbili kwa mwezi, na mvuvi akikosea kuhesabu bamvua hali. Hesabu ya Athumani ilikuwa safi. Na yangu ilikuwa safi.

Kwa sababu sisi, wanangu, na hapa nawaomba muache simu kidogo, hatuhesabu mimba toka ilipotunga. Siku hiyo hakuna anayeijua kwa hakika. Tunahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa hiyo mwanamke anaikumbuka. Mimba hutunga kama wiki mbili baadaye. Kwa hiyo katika kila kadi mnayoandika, wiki mbili za mwanzo ni tupu, hazina mtoto ndani yake. Kadi ikisema kumi, mtoto ana nane. Hata mashine ya utrasaundi mnayojivunia leo inahesabu hivyo hivyo. Mwanaidi alipata hedhi mume yuko dago, wiki mbili baadaye mume akarudi, mimba ikatunga. Hapakuwa na jambo jingine lolote.

Nilimweleza Athumani hayo akiwa kwenye tope. Alinitaka nirudie. Nikarudia, nikihesabu kwenye vidole vyake mwenyewe, bamvua kwa bamvua.

"Kwa hiyo kadi ni ya uongo," akasema.

"Si uongo. Ndivyo tunavyohesabu. Dunia nzima wanahesabu hivyo."

"Dunia nzima." Akavifunga vile vidole nilivyokuwa nahesabia. "Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Toka lini?"

"Toka chuoni."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliweka paji la uso juu ya ubao wa boti, akasema, "N'limpa msahafu aape. Akaunyoosha mkono, kisha akausitisha. N'kasema asiye na hatia hasiti." Kisha akaanza kulia, na mwanamume mzima akilia kwenye tope huna pa kutazama. Nikatazama mikoko mpaka maji yakaanza kupanda.

Niliporudi kisiwani nilikwenda kwa Maalim, yule mwalimu wa dini wa pale. Tulikuwa tumebishana miaka mingi, mimi na yeye, kwenye kila semina ya afya, yeye na siku zake mia na ishirini, mimi na moyo wangu unaopiga. Nilimkuta anasuka mkeka. Nikamsimulia yote, hata sehemu zinazoniaibisha. Akauliza, "Siku mia na ishirini ni wiki ngapi?" Nikamwambia kumi na saba na kidogo. "Na kwenye kadi yako zitasomeka ngapi?" Nikamwambia kumi na tisa. Akaacha kusuka. "Basi miaka yote hii tulikuwa tunabishana kila mmoja na mwanzo wake," akasema. Halafu akaniambia jambo lililomkaa rohoni: kwamba aliwafundisha wanawake habari ya roho ili wamjue Muumba wao, hakuifundisha kuwa ruhusa, tena wanavyuoni wenyewe wanahitilafiana, na hakumwona Mwanaidi pale darasani nyuma ya pazia akizishika zile siku kama kamba ya mtu anayezama.

Sasa mnaelewa kwa nini koo lilinikauka Kibiti. Sayansi haikunidanganya hata mara moja katika habari hii. Kumi ilikuwa kumi, na moyo ulikuwa unapiga. Sayansi inaweza kukwambia mimba ina siku ngapi, na imefika wapi, na ni kitu gani kitakachomuua mama. Hayo nayaheshimu mpaka leo, nimeokoa wengi kwayo. Lakini hapo Kibiti mlikuwa mnaitaka iseme jambo hilo lina uzito gani, nani mwenye haki, nani mwenye dhambi, na hayo haikuumbwa kuyasema. Ukiilazimisha itasema sauti yako mwenyewe, halafu utapiga makofi. Bishaneni, sikatai, jambo lenyewe ni zito na lastahili kubishaniwa. Bishaneni kwa dini zenu na sheria zenu na huruma zenu, na muyataje kwa majina yake, msiyavishe koti jeupe.

Na kwa kazi, mkiandika wiki kwenye kadi, mweleze mwenye tumbo hesabu imeanzia wapi. Mweleze na mume kama yupo. Ni sentensi moja tu, haimalizi hata dakika. Mimi tangu siku ile nilikuwa nasema mwenyewe kabla sijaulizwa, "Wiki mbili za mwanzo mtoto hayumo," mpaka wanawake wa kisiwani wakawa wananitangulia kuisema kwa kuimba. Kile kiduara nilikivua shingoni, nikakitundika ukutani kama vyombo vingine. Na mvuvi akiniambia nane, nilikuwa namwuliza anahesabuje.

Mwanaidi alipona. Mwaka huu nimemfuata kijijini Mtawanya, wanakolima korosho yeye na Athumani, kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Kulea wamelea, watoto wawili wa marehemu dada yake, wakubwa sasa. Aliniandalia chai na mihogo ya nazi, akanisikiliza, akasema, "Waambie. Ila usiwaambie mie n'likuwa mjinga." Nikamwahidi. Kwa hiyo nitawaambia aliyonieleza wodini, na mtaona wenyewe mjinga alikuwa nani.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kusafishwa kizazi, kule hospitali ya bara. Homa imeshuka, kakaa kitandani, mgongo kauegemeza ukutani. Nilikuja nimejipanga kumweleza zile wiki mbili, na nikamweleza, polepole, kwa vidole. Aliniacha nimalize. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hakuwa wa jini?"

Sikuelewa. Nikamwuliza jini gani.

Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Mumewe alipomwambia kuna bamvua moja iliyozidi, alijua kabisa hajaguswa na mwanamume mwingine. Lakini kadi imesema kumi, kadi ya serikali, na nesi kasema sayansi haikosei. Akatafuta mwenyewe usiku na mchana ni nani aliyekuja kwake mumewe akiwa dago. Akakumbuka ndoto moja. Kwetu pwani mnayajua majini ya mahaba, yanayowajia wanawake usingizini. Alipopewa msahafu alitaka kuapa, mkono ukasita, kwa sababu aliogopa kuapa kwa jambo ambalo pengine lilimfika bila yeye kujua. Na alipokuja kwangu, zile siku mia na ishirini hazikuwa za kubishana. Alikuwa anataka kujua kama amechelewa, kama kile kiumbe kimekwisha pata roho. Na habari ya vidole aliniuliza apate kujua kama ni vya mtu au vya jini.

"Hakuwa wa jini," nikamwambia. "Alikuwa wa Athumani."

"Alikuwa wetu."

"Alikuwa wenu."

Hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la shuka, machozi yanadondoka mikononi mwake na yeye hayafuti. Nilimwomba anisamehe. Sikumbuki nilitumia maneno gani, najua nililia naye. Nesi wa zamu alipita akanionea haya, akapita upande wa pili.

Baadaye akasema, bila hasira, na hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba hakuwa na hasira, "Nesi, siku ile n'likuja toka asubuhi. N'kakaa benchini n'kawapisha wote, n'kijua tukibaki wawili utan'uliza. Na ungen'uliza, ningekwambia yote."

"Ningekuuliza nini, mwanangu?"

"Kwa nini," akasema. "Ungen'uliza tu kwa nini."